Leza au kitambaa: nilivyochagua makochi mapya Tanga

Siku ya Idd mama mkwe alikuja kutoka Pangani, akakaa kwenye kochi langu la leza karibu saa nzima, tukanywa chai na kuzungumza. Alipoinuka kwenda kuswali, mgongoni mwa dera lake jeupe la sikukuu palikuwa na magamba ya rangi ya damu ya mzee, yamemgandia kama magamba ya samaki. Hakusema neno. Nilimfuata mpaka barazani nikambandua moja moja, macho yananilenga machozi. Makochi yale yalikuwa na miaka mitatu tu, na niliyanunua kwa fedha ya mchezo niliyosubiri zamu yake miezi kumi.

Sasa wifi yangu anaweka nyumba Chumbageni, na ameniuliza swali lile lile lililonisumbua mimi: achukue leza au kitambaa? Nimemwambia nitamwandikia, maana kwa simu nitasahau nusu.

Jambo la kwanza nililofanya baada ya Idd ile ni kuchukua kipande kilichobanduka na kukipeleka kwa fundi makochi wa Ngamiani, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Nikamwamkia, nikamwonyesha. Akakigeuza tu.

"Mwanangu, nani kakwambia hii ni ngozi?"

Muuzaji alikuwa ameniapia. Nyuma ya kile kipande kulikuwa na kitambaa cheupe chepesi, kama chachi ya kufungia kidonda. Mzee akawasha kiberiti, akakiunguza kile kipande changu, kikayeyuka na kunuka plastiki. Kisha akaokota kipande cha ngozi halisi, akakiunguza pembeni. Hakikuyeyuka, kilijikunja na kunuka nywele zilizoungua. Nyuma yake kilikuwa na manyoya laini ya ngozi yenyewe, bila kitambaa chochote. Kwa hiyo wifi yangu, ukiambiwa "hii ni ngozi", usibishane. Omba kipande kidogo ugeuze nyuma.

Kwetu jina "leza" linabeba vitu vingi, na hapo ndipo wengi tunapoumia. Kuna ngozi halisi ya ng'ombe. Kuna kitambaa kilichopakwa poliyurethani, aina ya plastiki, ambacho ndicho nilichouziwa: laini, chembamba, kinavutia sana dukani. Kuna vumbi la ngozi lililosagwa, likashikishwa kwa gundi na kupakwa plastiki juu, na muuzaji wa hiyo atakuapia bila kusita kwamba ndani mna ngozi. Halafu kuna ile nzito ya PVC, plastiki ya aina nyingine, kama ya viti vya daladala.

Adui wa poliyurethani ni unyevu ukiandamana na joto. Maji yaliyomo hewani huivunjavunja kidogo kidogo kutoka ndani, hata kama kochi halikaliwi na mtu. Jasho na mafuta ya nywele huharakisha. Nilipoyatazama upya makochi yangu nikaona ni kweli: yalianza kubanduka pale pa kuegemeza kichwa na pale pa kuwekea mikono, kisha yakaendelea popote. Na Tanga, jamani, unyevu na joto ndiyo hewa yenyewe. Chumvi ikimwagika mezani asubuhi, jioni imelowa. Kochi kama lile pengine lingemvumilia mtu mwenye nyumba kavu na ya baridi. Hapa liliingia nyumbani kwangu likiwa tayari linahesabu siku.

Ngozi halisi sikuidharau. Kuna jamaa zetu Raskazone wanayo, ina zaidi ya miaka kumi, na kila mwaka inazidi kupendeza. Nilikwenda kukaa makusudi. Ni ya baridi ukikaa mwanzo, kisha inashika joto la mwili na kutulia nalo, haichomi kama plastiki. Lakini mwenye nyumba aliniambia mambo ambayo hakuna duka litakalokuambia. Chumba kile kina kiyoyozi karibu muda wote. Kila baada ya miezi michache anaipaka mafuta maalumu ya ngozi isikauke na kupasuka. Kochi haliguswi na jua la dirishani. Masika moja walisafiri wakafunga madirisha yote, wakarudi wakakuta ngozi imefanya kawa, madoa ya kijivu kila mahali. Waliyafuta kwa kitambaa chenye siki na maji, wakakausha kwa feni siku mbili. Na ngozi haiuzwi kwa mita kutoka kwenye jora, inauzwa kwa futi za mraba na kila moja ina umbo la mnyama, kwa hiyo fundi hupoteza mabaki mengi. Nilipopiga hesabu ya seti yangu nikashukuru kwa chai nikaenda zangu.

Nyumbani mume wangu alitaka leza tena, safari hii ile nzito ya PVC, na hoja yake ilikuwa nzito pia. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa bado anakojoa popote usingizi unapomkuta. Leza unafuta, yamekwisha. Ni kweli, na PVC haioteshwi magamba na unyevu kama ile ya kwanza. Shida yake ni kwamba kile kinachoifanya iwe laini hutoka polepole kwa joto na miaka, ikabaki ngumu na kupasuka. Lakini kilichonikinaisha mimi kilikuwa jasho. Nilikaa juu ya kipande chake mchana mmoja wa kaskazi, umeme umekatika, nikainuka baada ya robo saa nguo imenishika mapajani. Mama mkwe ana miaka sabini na kitu. Siwezi kumkalisha hapo.

Basi nikageukia vitambaa, na hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi, wala sijutii. Nilizunguka maduka ya vitambaa vya makochi nikiomba vipande vya ukubwa wa kiganja. Wengine walinipa bure, wengine nilinunua robo mita. Nikarudi na vinne: mahameli ya bluu, pamba tupu nzito, poliesta tupu iliyofumwa ifanane na kitani, na mchanganyiko wa pamba na poliesta wa rangi ya ugoro.

Nilivipanga kwenye dirisha linalotazama baharini, nusu ya kila kipande nimeifunika kwa daftari, nikaviacha wiki tatu za Januari. Mahameli yalipauka mpaka mstari wa daftari ukaonekana toka mlangoni. Pamba ilipauka kiasi. Ile poliesta na ule mchanganyiko ulilazimika kuvisogeza karibu na macho ndipo uone tofauti.

Kisha nikavipaka vitu vinavyomwagika nyumbani kwetu kweli: uji, chai ya maziwa, mafuta ya nazi, na mchuzi wa nazi wenye manjano. Doa la manjano lilinitisha, maana nilipolipaka sabuni liligeuka jekundu. Ni kawaida ya manjano kukutana na sabuni. Suuza tu, halafu anika juani. Jua linayala manjano, na siku ya pili halikuwepo. Mafuta ya nazi ndiyo magumu. Kwenye poliesta tupu yaling'ang'ania, na kwenye mahameli yalilaza manyoya yasiinuke tena. Mwisho nilisugua kila kipande kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Mahameli yaliacha bluu. Fikiria bluu ile kwenye dera jeupe.

Nikachagua mchanganyiko. Pamba inapitisha hewa na kunywa jasho, poliesta inasaidia rangi na kukauka upesi.

Nilirudi kwa mzee wa Ngamiani, nikamwambia sitaki kitambaa kipigwe pini moja kwa moja kwenye fremu, nataka kila mto na kila mgongo uwe na foronya yenye zipu, nivue na kufua. Akakubali, ila akaniambia kazi inaongezeka na kitambaa pia, kama mita nne zaidi. Seti yangu ni ya watu watatu, ya wawili, na viti viwili vya mmoja mmoja, nikanunua mita 24 kutoka jora moja, kwa shilingi 15,000 kila mita.

Na hapa tulivutana kidogo. Nilitaka kukifua kitambaa kabla hakijakatwa. Mzee alisema hajawahi kuona mtu anafua jora. Nikamwomba, "Baba, kikirudi kikishashonwa, nani atavalisha?" Nikakikata vipande vinne vya mita sita, nikakiloweka kwenye beseni, nikaanika uani na kupiga pasi. Tulipopima tena hazikufika 24, karibu mita nzima ilikuwa imerudi. Mzee alicheka, akasema, "Mteja huyu ameniongezea ujuzi."

Suala la mtoto tulilimaliza kwa sponji. Kila sponji ilivalishwa kwanza mfuko wa ndani wa kitambaa kisichopitisha maji, kama ule wa kufunikia godoro, kisha ndipo foronya ya juu. Mkojo ukimwagika unaishia kwenye foronya, na foronya inafuliwa. Mume wangu aliridhika hapo hapo. Sponji yenyewe usiichague kwa unene. Inyanyue mkononi, nzito ndiyo inayodumu, halafu ibonyeze kwa ngumi uone kama inarudi mara moja.

Fremu ni ya mtiki wa upande wa Muheza, ghali kuliko mbao nyeupe za milimani, lakini mchwa na bungua hawaipendi. Miguu ni ya mbao pia. Yale makochi ya zamani yalikuwa na miguu ya chuma iliyong'aa, ikala kutu mwaka wa kwanza na kuchora sakafu. Kwa hewa ya bahari usikubali chuma popote unapoweza kukikwepa, hata zipu: chukua ya plastiki. Pini za zamani zilikuwa zimeoza kutu mpaka madoa yakatokea juu.

Ni mwaka wa pili sasa. Kitambaa si kwamba hakina kero. Vumbi linaingia, kwa hiyo kila Ijumaa natoa mito nje na kuipiga. Masika iliyopita kiti kimoja kilichogusa ukuta wa nyuma kilianza kufanya kawa upande wa mgongoni. Nilivua, nikafua, nikaanika, na tangu siku hiyo kila kochi linakaa kiganja kimoja mbali na ukuta ili hewa ipite. Pa kuegemeza kichwa nimetandika vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama alinifundisha, kwa sababu ya mafuta ya nywele. Hivyo nafua kila wiki, foronya zenyewe baada ya miezi miwili au mitatu.

Wifi, usisahau kununua mita mbili za ziada kutoka jora lile lile, maana jora la pili mara nyingi rangi hailingani. Zangu nilizifua pamoja na zile nyingine, zipo kabatini. Mkono wa kiti cha watu wawili umeanza kulika kidogo pale mume wangu anapoweka kiwiko, na mwezi ujao nampelekea mzee akate vipande vya kubadilishia.