Jinsi nilivyotatua hitilafu ya EXTRACT baada ya kuhamia PostgreSQL 14

Tulipohamisha hifadhidata ya zamu za wafanyakazi kutoka PostgreSQL 13 kwenda 14, ripoti ya malipo ya saa za ziada, iliyoandikwa kwa Python, ilikwama kwenye mstari unaozidisha muda wa kazi kwa 1.5, ikidai kuwa Decimal (aina ya namba yenye desimali sahihi) haiwezi kuzidishwa kwa float (aina ya namba ya makadirio), ilhali hakuna aliyekuwa amegusa msimbo. Muda huo tuliupata kwa EXTRACT, amri ya SQL inayochopoa sehemu ya tarehe au muda (hapa EPOCH, yaani jumla ya sekunde), kwa hiyo niliendesha pg_typeof(EXTRACT(EPOCH FROM toka - ingia)), inayoonyesha aina ya thamani, kwenye seva zote mbili: ya zamani ilijibu double precision (ambayo kwa Python ni float), mpya ikajibu numeric (namba sahihi ya desimali), aina ambayo psycopg2, maktaba inayounganisha Python na PostgreSQL, huikabidhi kwa Python kama Decimal.

Badiliko hilo la toleo la 14, lililotoka mwaka 2021, lilikusudiwa kuzuia upotevu wa usahihi, nami naliunga mkono kwa dhati, hasa panapohusika jasho la watu. Kwa hiyo kwenye malipo niliiacha numeric ilivyo, nikaandika Decimal('1.5') badala ya 1.5. Kwenye grafu za mahudhurio, ambako float inatosha, niliongeza ::double precision baada ya EXTRACT ili kubadili aina; date_part, amri inayofanya kazi kama EXTRACT, nayo ingefaa, kwa kuwa bado hurudisha aina ileile ya zamani. Ripoti ilikamilika usiku uleule.