Kitana cha mfungwa

Hebu fikiria unakamatwa leo pale Posta, wanakukung'uta mifuko: kitambulisho, funguo, picha ya mtoto, kitana, nauli ya daladala. Sasa vitu kama hivyo vya watu waliofungwa kwenye kambi za Wanazi, wengi wa kambi ya Neuengamme kule Hamburg, Ujerumani, vipo mpaka leo, vilitiwa kwenye bahasha zenye majina vikawekwa stoo utadhani mwenyewe atatoka kesho aje kuvidai. Saa, pete za ndoa, pochi, kalamu, barua. Mi kinachonitisha ndo huo utaratibu wao, yaani mtu unamfanyisha kazi mpaka afe na njaa afu kitana chake unakiorodhesha!

Ila msidhani walimtunzia kila mtu. Wayahudi mali zao ziliporwa jumla, kwa hiyo bahasha nyingi zilizobaki ni za Wapolandi, Warusi, Waukraine na wengineo. Baadae zikaishia kwenye hifadhi ya nyaraka ya Bad Arolsen, Ujerumani huko huko, na 2016 wakaanza kampeni ya kutafuta ndugu, zikiwa zimebaki kama 3,000. Mara nyingi anayepokea ni mjukuu, anapewa saa ya babu ambaye hata hakuwahi kumwona.

Na asije mtu akasema hayo ya Wazungu. Bayume Mohamed Husen kazaliwa hapa hapa Dar 1904, kapigana upande wa Mjerumani Vita ya Kwanza ya Dunia akiwa bado mtoto, 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa uaskari, wake na wa baba yake, wakamkatalia. Akabaki huko huko, akawa mhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, akaomba na nishani ya waliopigana vitani, hiyo nayo wakamnyima. 1941 wakamkamata sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko Novemba 1944. Berlin wamemwekea kijiwe cha shaba chenye jina lake barabarani tangu 2007. Huku kwetu tunapishana na Sanamu ya Askari kila siku, ila mtaje Husen uone, watu wanakuuliza nani huyo.

Kwa hiyo kama kwenu kuna beji ya KAR (jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika) ya babu au barua aliyotuma toka vitani Burma, msiwape watoto wachezee. Andikeni jina lake na mwaka kwenye karatasi, muweke pamoja, tena mumuulize bibi leo leo maana huyo ndo anayejua ni ya nani.