Siku yangu ya kutembeza wageni: leo zamu ya Malkia Louise wa Denmark

Saa 12 asubuhi niko macho, chai ya rangi, dirishani naangalia mawingu maana Copenhagen hata Julai jua haliaminiki. Kazi yangu ni kutembeza wageni, na leo nina wamama wa Kitanzania wanaoishi Malmö, Sweden, wametaka stori yote kwa Kiswahili.

Saa 3 nawapokea stesheni kuu, shikamoo za kutosha, tunaondoka.

Saa 4 tuko Dronning Louises Bro, daraja la mwaka 1887, baiskeli zinapita kama siafu, nawaambia jamani simameni pembeni hawa hawana breki za huruma. Mwenye jina la daraja, Malkia Louise, ni mke wa mfalme Christian wa Tisa, alizaliwa 1817 akafariki 1898.

Saa 6 Amalienborg, jumba la kifalme, walinzi wanabadilishana, simu zote juu. Hapo jirani kuna ile nyumba ya njano walikoishi Louise na mumewe kabla ya ufalme, na hapo ndo wageni huchangamka, maana watoto wa Louise walifika mbali: Alexandra malkia wa Uingereza, Dagmar akaolewa Urusi, George mfalme wa Ugiriki. Wamama wakacheka, "huyu alikuwa kungwi kabisa!" Sawa, lakini mimi hiyo stori ya ndoa imenichosha, kila kitabu kinayo.

Saa 8 mchana tunapanda metro hadi Frederiksberg, kituo ninachokipenda mimi. Diakonissestiftelsen, taasisi ya masista wa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wagonjwa na wahitaji, Louise aliianzisha 1863, mwaka uleule mumewe alipokuja kuwa mfalme. Kuuguza wagonjwa enzi hizo ilionekana kazi ya mtu aliyekosa kazi, hakuna mafunzo wala nini, sasa akatafutwa mwanamke mmoja, Louise Conring, akapelekwa kusomea kwa masista wa Stockholm na Kaiserswerth kule Ujerumani, akarudi kuongoza taasisi mpaka alipofariki 1891. Mpaka leo ipo, ina hosipisi, yaani makazi ya wagonjwa walio mwisho wa maisha, na inafundisha wahudumu wa afya. Wamama wa Kilutheri hawa, Kaiserswerth wanaijua, diakonia wanaijua, maswali yakawa mengi hadi tukakaribia kukosa treni.

Saa 10 na nusu mji wa Roskilde, kanisa kuu, mbio mbio kabla halijafungwa. Kaburi la Louise na mumewe lina sanamu tatu za wanawake wenye huzuni, kazi ya Edvard Eriksen, huyohuyo aliyechonga nguva maarufu wa bandarini Copenhagen, basi picha zikapigwa upya.

Saa 12 jioni kwenye treni ya kurudi ubishi ukawaka. Mama mmoja, nesi wa miaka mingi, akasema malkia alitoa jina na pesa, aliyekesha na wagonjwa ni Conring. Mwenzake akamjibu, mwanangu bila jina la malkia nani angempa Conring nauli ya kwenda kusoma? Mimi niko na nesi, ila sikusema kitu, bahasha ya tip ilikuwa bado haijazunguka.