"Lie" na "lay": kulala na kulaza

Mwalimu wa Kiingereza akifika kwenye "lie" na "lay" huwa anaandika jedwali ubaoni na kuwaambia wanafunzi wakariri. Anayezungumza Kiswahili ana njia fupi zaidi. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza. Fundi amechoka, analala chini. Fundi huyohuyo analaza ngazi chini. Ukisikia "fundi analala ngazi", unajua papo hapo kuwa kuna kitu kimeharibika, hata kama hujawahi kusikia habari za shamirisho, yaani kitu kinachotendwa na kitenzi. Basi "the worker is lying the ladder on the floor" ina kasoro hiyohiyo. Iwe "laying".

Mfanano huu una mizizi. Katika Kiingereza cha kale vitenzi hivi vilikuwa "licgan" na "lecgan", na cha pili kilizaliwa na cha kwanza kwa kauli ya kutendesha: kufanya kitu kilale. Irabu ya ndani ilibadilika, kama ambavyo kwetu "l" ya lala hugeuka "z" katika laza. Kiingereza kina masalia mengine ya mtindo huo: "sit" na "set", yaani kukaa na kuweka, "fall" na "fell", kuanguka na kuangusha mti kwa kuukata. Wazungumzaji wake wengi wa leo hawaioni tena kauli hiyo ndani ya maneno haya. Sisi tunaitumia kila siku, kwa hiyo hapa tuna nafuu kuliko wao.

Nafuu hiyo inakwisha tukiingia wakati uliopita, na huko ndiko makosa mengi yanakotokea. Wakati uliopita wa "lie" ni "lay". Ndiyo, neno lilelile ambalo ni kitenzi cha pili. Maumbo yenyewe ni haya:

Kulala: lie, lay, lain, lying.
Kulaza: lay, laid, laid, laying.
Kusema uongo: lie, lied, lied, lying.

Hicho cha tatu ni kitenzi kingine kabisa kilichofanana na cha kwanza kwa sura, na kina maumbo yake ya kawaida. "He lied on the bed" inamaanisha alisema uongo akiwa kitandani. "Layed" haipo, tahajia inafuata "pay, paid". Na "lie" ikichukua "-ing" inakuwa "lying", kama "die" inavyokuwa "dying".

Kosa linaloongoza ni "Yesterday I laid on the sofa". Mwandishi anajua anahitaji wakati uliopita, anaona "lay" inafanana na wakati uliopo, anaongeza "d" ili awe salama. Lakini "laid" inadai kitu kilicholazwa, na hapa hakuna. Sahihi ni "Yesterday I lay on the sofa". Wenye lugha wenyewe huteleza hapahapa, na sababu moja ni sauti: "lay down" na "laid down" zikitamkwa haraka, "d" mbili zinamezana na sikio halipati tofauti. Kwenye mazungumzo utasikia sana "I'm going to lay down". Usimsahihishe mtu, utamkera tu. Kwenye barua ya kazi, ripoti au mtihani, andika "lie down".

Ukikwama, jiulize maswali mawili, na uyafuate kwa mpangilio huu. La kwanza: analaza nini? Jibu likipatikana ndani ya sentensi, uko kwenye mstari wa pili wa maumbo; lisipopatikana, uko kwenye wa kwanza. La pili: lini? Hapo ndipo unachagua umbo. Anayeanza na wakati kabla ya kitenzi ndiye anayeangukia "laid". Kauli ya kutendwa inahesabika kuwa na jibu, kwa sababu kilicholazwa kimekuwa kiima: "The pipes were laid last year", mabomba yalilazwa mwaka jana. Kuna sehemu moja ambapo jibu halionekani lakini lipo: "The hens aren't laying". Kuku hawatagi. Mayai yameachwa kwa sababu kila mtu anajua ndiyo yanayotagwa.

Sasa mitego inayotokana na Kiswahili chenyewe, ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wote haviigusi.

"Amelala kitandani" ina "-me-", na tumezoea kuitafsiri "-me-" kwa "has". Matokeo yake ni "He has lain on the bed" pale ambapo Mwingereza angesema "He is lying on the bed". "-me-" ya amelala, amekaa, amesimama inaeleza hali iliyopo sasa hivi, na Kiingereza huieleza kwa "is" na "-ing". "Has lain" itunze kwa kitu ambacho muda wake unahesabiwa: "The file has lain there since Monday". Hata hapo "has been lying" inasikika ya kawaida zaidi.

Halafu lala yetu inabeba mambo mawili, kujinyoosha na kupata usingizi. "Lie" ni la kwanza tu. Mtoto aliyelala fofofo "is asleep". Ukisema "is lying down" huenda macho yake yako wazi.

Kulazwa hospitalini nako hakutokani na "lay". Sema "She was admitted to hospital". "She was laid up" ipo, lakini maana yake ni kuwa ugonjwa au jeraha lilimweka kitandani, hata nyumbani. "Laid off" ni kuachishwa kazi kwa kupunguzwa. Na "get laid" ni lugha ya mtaani ya kufanya mapenzi, kwa hiyo usiibuni kwa bahati mbaya ukidhani unasema kulazwa.

Upande wa pili, "lie" hutumika mahali ambapo Kiswahili hakingefikiria kulala. "The town lies on a river", mji uko kando ya mto. "The fault lies in the wiring", hitilafu iko kwenye nyaya. Hapo tafsiri yake ni -ko au -po, na wakati uliopita unabaki uleule: "The fault lay in the wiring".

Programu ya kusahihisha tahajia mara nyingi haitakusaidia, kwa kuwa "lay", "laid" na "lain" zote ni maneno halali. Ukimaliza kuandika, tafuta "laid" katika maandishi yote na uiulize kila moja: nini? Isiyojibu, igeuze "lay", au "lain" ikiwa imetanguliwa na "have", "has" au "had". Kisha tafuta "lain" na uangalie neno linaloitangulia. Kama ni "have", "has" au "had", iache. Kama ni "was" au "were", iondoe: andika "laid" ikiwa kuna aliyekilaza kitu hicho, "lying" ikiwa kilikuwa kimelala tu.