4,294,967,295: namba inayogomea muvi zako

Kama kazi yako ni kuwawekea watu muvi kwenye flashi kama mi hapa Mwanjelwa, Mbeya, hii namba ushakutana nayo sana tu. Flashi iliyofomatiwa FAT32 (mtindo mmoja wa kupanga mafaili kwenye flashi) haipokei faili lililozidi baiti 4,294,967,295, hata iwe ya GB 64 na ndani tupu kabisa, na mteja katoka zake Tukuyu anakuuliza "kaka si umesema nafasi ipo?" afu unakosa pa kuanzia. Nafasi ipo mama, ila pale panapoandikwa ukubwa wa faili pana biti 32 tu, yani vinafasi 32 vya kuweka 0 au 1, vikijaa 1 vyote ndo mwisho wa safari.

Ila mi nimeipendea kitu kingine kabisa. Fungua kikokotoo cha simu: 3 mara 5 ni 15, mara 17 ni 255, mara 257 ni 65,535, mara 65,537 ndo hiyo hiyo 4,294,967,295. Na hizo tano za kuzidishia zote ni namba tasa aisee! Angalia tena, kila jibu linapungua mbili tu kufikia namba inayofuata, 15 na 17, 255 na 257, na sio bahati, ni ile (a−1)(a+1) = a²−1 ya sekondari inajirudia tu, ile tuliyokua tunakariri bila kuulizana ni ya nini.

Miaka ya 1640 Mfaransa mmoja, Pierre de Fermat, mwanasheria ambaye hesabu kwake ilikua ya kujifurahisha, aliamini ukiendelea na mtindo huo, unazidisha zote afu unaongeza mbili, unapata tasa milele. Inayofuata ni 4,294,967,297, yani mbili tu mbele ya kikomo cha flashi. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaipasua: 641 mara 6,700,417. Unaweza kujiuliza kaipataje 641 bila kompyuta, ila ukishajua kwamba kigawo tasa chochote cha hiyo namba ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1, tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, afu 641 hiyo hapo, unamaliza hata muvi haijaisha kukopi. Tasa ya sita ya aina hiyo mpaka leo haijapatikana, wamejaribu na minamba mirefu ya kutisha.

Gauss nae, mwanahisabati wa Ujerumani, 1796, hajafikisha hata miaka 19, akaonyesha umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa bikari na rula isiyo na vipimo. Tasa za aina hiyo ndo zinatoa ruhusa: umbo la pande witiri linachoreka pale tu idadi ya pande ikiwa moja ya hizo tasa, au kadhaa zimezidishwa bila kurudia hata moja, kwa hiyo umbo kubwa kuliko yote la pande witiri tunalojua linachoreka lina pande 4,294,967,295. Ulichore kubwa kuzunguka dunia nzima kwenye Ikweta, kila upande bado haufiki sentimita moja.