Kutoka Harley-Davidson hadi BMW

Leo, baada ya miaka mingi ya kuendesha pikipiki za Harley-Davidson pekee, nimeanza kuendesha pikipiki ya BMW.

Nilizoea injini ya silinda 2 zilizopangwa kwa umbo la V lenye nyuzi 45, ambayo mtikisiko wake niliupenda mno.

Hii mpya silinda zake zimelala kushoto na kulia, mpangilio ambao kampuni hiyo ilianza nao kwenye pikipiki yake ya R 32 mwaka 1923, na gurudumu la nyuma huzungushwa na shafti, yaani fimbo ya chuma inayozunguka.

Nilipozungusha mkono wa mafuta nikiwa bado nimesimama, pikipiki nzima iliinama kidogo upande, kwa sababu mhimili wa injini umelazwa kwa urefu wa chombo.

Nilirudia tena na tena, moyo ukinidunda kwa furaha!

Wenzangu mliobadilisha chapa, ni jambo gani liliwagusa kwanza?