Ekari tatu ndani ya unene wa kalamu

Huku Kigumba, Uganda, mtu akitafuta shamba la kukodi huuliza bei na umbali wa maji, basi. Mimi niliuliza na udongo, kwa sababu nilitaka kupanda maharage, na maharage hayapendi udongo mchachu.

Nilianza na ramani za udongo. Ile ya zamani, iliyotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda karibu na mwaka 1960, ni ya skeli ya 1:250,000: milimita moja kwenye karatasi ni mita 250 ardhini. Shamba lenyewe ni ekari tatu, refu na jembamba, linateremka kutoka mgongo wa kilima hadi karibu na bonde. Upana wake ni kama mita 40. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita ni mita 125, kwa hiyo unalimeza upana wote na bado unabaki. Watu huiponda ramani hiyo eti ni ya uongo kwa kuwa inapaka kijiji kizima rangi moja. Si uongo. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanganyika, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa vilima vyetu hufuatana kama mnyororo, kutoka kileleni hadi bondeni, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Rangi moja huweza kubeba mnyororo mzima. Pete gani imekuangukia wewe, utajua ukichimba.

Ramani ya pili ni ya kwenye simu, ile ya udongo wa Afrika iitwayo iSDA; ina vipande vya mita 30 kwa 30, yaani ekari moja inapata vinne na kidogo. Inapendeza macho. Ila ni makadirio: kompyuta imechukua sampuli zilizopimwa hapa na pale Afrika, ikazilinganisha na picha za satelaiti, kisha pasipo na sampuli ikakisia. Wenyewe wametoa na kiwango cha mashaka, lakini ni wangapi wanakitazama?

Basi nikashika jembe. Mzee jirani aliniona nikielekea penye majani yaliyostawi sana, akaniita: "Mwanangu, hapo palikuwa zizi la marehemu baba. Patakudanganya." Kweli, samadi ya zizi hubaki ardhini miaka na miaka. Vichuguu navyo nikaviruka, maana mchwa hupandisha udongo wa chini, wenye mfinyanzi mwingi. Vitu hivi ni vidogo, hakuna ramani kati ya hizo mbili inayovionyesha.

Nilichimba mashimo ya kufika goti kwa kuteremka. Juu, jembe liligonga maramu mapema. Katikati udongo ulikuwa mwekundu. Niliulowesha, nikauviringisha mkononi ukawa mwembamba, nikaupinda na haukukatika, dalili ya mfinyanzi. Chini kulikuwa na mchanga wa kijivu ambao haukukubali hata kushikana.

Kwa hiyo sikupeleka maabara mchanganyiko mmoja wa shamba zima. Wastani wa sehemu tatu zisizofanana haufai sehemu yoyote. Kila sehemu ilipata ndoo yake ya plastiki: nikatembea zigizaga, nikachota udongo wa sentimita 20 za juu mahali pengi, nikachanganya, nikaanika kivulini, nikafunga nusu kilo. Kwenye bahasha niliandika ilikotoka, maana udongo mkavu wote hufanana.

Majibu ya pH, kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu umezidi: katikati 5.9, chini 5.1. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuharibu mizizi, na maharage hayavumilii hali hiyo. Nikayapanda katikati. Juu niliacha nyasi za mbuzi. Kule mchangani nimeweka muhogo, ambao uchachu huo unauvumilia, kwa hiyo pesa ya chokaa ya kupunguza uchachu imeenda kwenye palizi.